Mawe ya Jinja

Karibu na mji wa Njombe, Mto Ruhuji huanguka juu ya mwamba kwa kishindo. Maji hupita, lakini mwamba hukaa, nao ndio unaoyaamuru maji yapite kwa kadiri gani.

Huko Uganda palikuwa na mwamba wa namna hiyo, ila nyuma yake palikuwa na ziwa zima, yaani Ziwa Viktoria, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Maji ya ziwa hilo yalitokea mahali pamoja tu, juu ya safu ya mawe, na hapo ndipo Mto Naili ulipoanza safari yake ya kwenda Misri.

Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali hapo. Akaona maporomoko ambayo kimo chake alikikadiri kuwa futi 12. Wenyeji walipaita Mawe; yeye akapaita Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa kwao.

Mawe yale yalikuwa mlinzi wa ziwa. Mvua ilipozidi, ziwa lilijaa, na maji mengi yalipita juu yake. Ukame ulipokuja, ziwa lilipungua, na maji machache yalipita. Hivyo ziwa lilijipima lenyewe, wala hapakuwa na mtu wa kulichunga.

Hata mwaka 1954 ukuta mkubwa ulimalizika kujengwa mtoni, chini ya maporomoko, ili kupata nguvu za umeme. Mwamba wa zamani ulipasuliwa, na maporomoko yakazama. Tangu siku hiyo mlango wa ziwa ulikuwa mikononi mwa watu.

Basi wenye hekima waliuliza: Ni nani atakayezuia watu wasifungue mlango kupita kiasi? Uingereza, iliyotawala Uganda wakati ule, ilipatana na Misri kwamba maji yatakayoachwa yawe kadiri ile ile ambayo mawe yangaliacha. Kadiri hiyo ilijulikana, kwa kuwa kimo cha ziwa kilikuwa kimepimwa na kuandikwa tangu mwaka 1896. Ijapokuwa mawe yameondoka, sheria yake ilibaki katika vitabu.

Lakini sheria ya vitabu huvunjika upesi kuliko mwamba. Katika miaka ya 2004 hadi 2006 mvua ilikuwa haba, na maji yaliyoachwa yalizidi kadiri iliyopatanwa. Ziwa likashuka sana. Katika nchi zote tatu za pwani yake, Tanzania, Kenya na Uganda, maji yaliondoka ufukoni, na vyombo vikapata taabu kufika gatini. Wavuvi wa mbali waliona hasara kwa jambo lililotendwa mlangoni.

Ukuta ule sasa huitwa Nalubaale, ndilo jina la ziwa kwa Kiganda. Maporomoko ya Ripon hayapo tena. Lakini mji uliojengwa kando yake huitwa Jinja, neno la wenyeji lenye maana ya jiwe. Mawe yaliondolewa, jina halikuondolewa. Kila alitajaye humtaja mlinzi wa zamani, ajue ama asijue.

Maswali
1. Mawe yalilindaje ziwa wakati wa mvua na wakati wa ukame?
2. Kwa nini vipimo vya tangu mwaka 1896 vilikuwa na faida?
3. Taja mahali penu ambapo jina hukumbusha kitu kisichoonekana tena.