Umeanguka Tena? Anzia Hapa

Ushauri huu ni wa mtu aliyeokoka siku nyingi. Anaimba kwaya, pengine ni mzee wa kanisa, na kuna jambo moja, lilelile, linalomwangusha kila mara: mkeka wa mpira, chupa, simu usiku wa manane, au ulimi. Ametubu, ameapa, amefunga kula. Jumamosi limemrudia. Sasa ni Jumapili asubuhi na anatafuta namna ya kusema ana homa ili asiende ibadani.

Vita hupotea hapo, zaidi hata ya hiyo Jumamosi. Kuanguka kwenyewe ni suala la dakika chache. Kujificha huchukua wiki nzima, na ndani ya wiki hiyo mtu aliyekwisha kujihesabu mchafu huanguka tena na tena, maana haoni tena cha kulinda. Kwa hiyo jambo la kwanza ni rahisi kulitaja na gumu kulifanya: nenda kanisani. Omba sasa hivi, ukiwa bado unaona aibu. Zile siku mbili tatu za kusubiri "nitulie kwanza" tunaziita unyenyekevu, lakini nyingi ni malipo. Tunataka tujiadhibu kidogo ili tusifike mbele za Mungu mikono mitupu. Neema haipokei mchango huo.

Pili, usifanye toba kuwa ukaguzi wa mahesabu. Martin Luther, aliyeingia utawani Erfurt mwaka 1505, aliungama kwa saa nyingi mfululizo, kisha akarudi kwa sababu amekumbuka dhambi nyingine. Padri aliyemwungamisha, Johann von Staupitz, alichoka naye. Luther alikuwa mkweli kupita kiasi, na bado hakupata amani, kwa kuwa anayetafuta msamaha kwa kukamilisha orodha hafiki mwisho wa orodha. Wewe taja dhambi iliyokuangusha leo, kwa sentensi moja, kisha upokee msamaha na uinuke.

Sentensi hiyo iwe na jina la kitu chenyewe. "Tuombeane, adui ananishambulia" si maungamo; ni taarifa ya habari. Maungamo ni: "Nimechukua fedha za kikoba nikaziweka kwenye mkeka." Ukishindwa kuitamka chumbani ukiwa peke yako, bado hujaanza.

Kisha soma Warumi 7 kwa sauti, na usiishie hapo. Ingia sura ya 8 bila kupumzika. Paulo hakuandika sura. Mgawanyo tulio nao uliwekwa katika karne ya 13, nao umewatenganisha watu wengi na faraja yao. Kilio cha mtu anayetenda asilolipenda, na tangazo kwamba walio ndani ya Kristo hawana hukumu, vimekaa karibu sana, mstari kwa mstari. Wataalamu hubishana kama Paulo anamsema mtu kabla ya kuokoka au baada. Augustino wa Hippo kwanza aliona ni mtu ambaye bado hajapokea neema. Umri uliposonga akabadili mawazo, akakubali kwamba hata aliyekwisha kuipokea husema hivyo. Mimi niko upande wa Augustino mzee. Na kwa atakayesikia haya kama ruhusa ya kuendelea, Paulo alikwisha kumjibu mwanzoni mwa sura ya 6.

Baada ya Mungu, tafuta mtu mmoja. Wakatoliki wana kitubio na padri amefungwa na siri. Waprotestanti wengi hatuna mahali pa namna hiyo, ila tuna urithi tulioanza kuusahau. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wengi huuhesabu tangu Joe Church na Simeoni Nsibambi walipokutana Kampala mwaka 1929, ukawaka Gahini huko Rwanda na kuenea hadi Bukoba na Kenya, ulijengwa juu ya jambo moja: ndugu waliketi pamoja, kila mmoja akaleta dhambi yake nuruni, wakaimba wimbo wa Tukutendereza Yesu. Aliyekiri hakutazamwa kama mgonjwa wa ukoma. Alikumbatiwa.

Lakini chagua vizuri. Awe wa jinsia yako, amekuzidi umri katika imani, na zaidi ya yote awe mtu ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri ya mwingine. Anayekuletea "maombi" ya watu watatu kabla chai haijapoa atakwenda na lako pia. Na ukishuhudia hadharani, shuhudia yako tu. Nimechoka na shuhuda ambamo kijana anatoka shujaa na binti wa watu, ambaye kila mtu barazani anamjua, anabaki uchi.

Sasa ijue saa yako. Evagrius, mtawa wa jangwani Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya mawazo manane yanayomshambulia mtawa, na aliyachunguza jinsi daktari anavyochunguza homa: huja lini, hutanguliwa na nini, hufuatwa na nini. Uvivu wa roho, alisema, humjia mtawa kati ya saa nne na saa nane mchana. (Hakuna haja ya kubadili saa, walihesabu tangu macheo kama sisi.) Fanya kazi hiyo juu yako mwenyewe. Mkeka huja siku ya mshahara au siku ya madeni? Simu huja baada ya ugomvi na mwenzi wako? Hasira huja ukiwa na njaa? Wengi wetu tunapambana na jaribu likiwa limeshaingia ndani na kuketi, ilhali lilipita mlangoni saa mbili kabla.

Ukishaijua saa, weka kizuizi kabla haijafika. Simu ilale sebuleni kwenye chaji. Mshahara ukiingia, fedha ya ada na kodi ihamishwe kwa mwenzi wako asubuhi ileile. Badili njia ya kurudi nyumbani. Wapo wanaosema hiyo ni kukosa imani. Yusufu alikimbia akaacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa, na hakuna anayemwita mwoga.

Pombe iliyokolea ni habari nyingine: mnywaji wa kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kumuua. Na dhambi iliyomdhuru mtoto au kumjeruhi mtu haimalizwi kwa maombi ya wazee. Hiyo ina polisi.

Kilichobaki ni kulipa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini angalia mpangilio katika Luka 19: Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, ahadi ikafuata. Fedha za kikoba zitarudishwa, hata kidogo kidogo, na mweka hazina ataambiwa ukweli. Unalipa kwa sababu umekwisha kupokelewa.

Na usidhani dhambi inayokutoa machozi ndiyo kubwa kuliko zote ulizo nazo. John Newton, mwandishi wa Amazing Grace, alimgeukia Mungu katika dhoruba ya bahari mwaka 1748. Baada ya hapo aliongoza meli za watumwa hadi 1754, akisali na kusoma Biblia ndani yake, na kijitabu chake cha kuilaani biashara hiyo kilitoka mwaka 1788 tu. Dhamiri yake ilikuwa macho kwa matusi na imelala juu ya watu waliofungwa minyororo chini ya miguu yake. Nasi twaweza kulia usiku kucha kwa ajili ya tamaa huku dada wa kazi akidai mshahara wa miezi mitatu. Basi ukimaliza kuungama unachokijua, waulize watu wanaoishi chini ya mamlaka yako kile usichokijua. Anza na huyo dada, na umlipe kwanza kabla hujamwuliza.