Kinamba Kikae Chini: Vidokezo vya Kuandika H₂O kwenye Simu

Pale njiapanda ya Nanganga, ambapo barabara ya Ruangwa na Nachingwea inaiacha ile ya Masasi, kazi nyingi za kalamu siku hizi zinafanyikia kwenye simu. Mwalimu anatupia maswali ya kemia kwenye kundi la WhatsApp. Bwana shamba anatuma maelekezo ya mbolea na dawa. Wote hukwama kwenye kitu kimoja: kinamba kinachotakiwa kukaa chini ya mstari.

1. Kwanza jua namba ipi inashuka. Salfa ya unga tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga haina usumbufu, ni S basi. Mrututu ndio mtihani: CuSO₄·5H₂O. Ile 4 na ile 2 zinahesabu atomi, kwa hiyo zinashuka. Ile 5 inahesabu molekuli za maji zilizomo kwenye mrututu, kwa hiyo inabaki kubwa. Ukiishusha 5, umeharibu kila kitu. Na usipandishe namba juu, ukaandika H²O. Msweden Jöns Jacob Berzelius aliziweka juu hivyo hivyo mwaka 1814, mpaka Mjerumani Justus von Liebig alipozishusha mwaka 1834, lakini msahihishaji wa mtihani hatakubali utetezi wa Berzelius.

2. Nakili, bandika. Hizi hapa: ₀ ₁ ₂ ₃ ₄ ₅ ₆ ₇ ₈ ₉, pamoja na ₊ ₋ ₌ ₍ ₎. Jitumie mwenyewe WhatsApp uwe nazo karibu. Kibodi nyingi za simu, ukibonyeza 2 ukaishikilia, hukupa ² ya juu. Wengi huipokea wakidhani ndiyo hiyo hiyo.

3. Umechoka kunakili? Ifundishe kibodi. Kwenye Gboard ingia mipangilio, tafuta kamusi, kisha kamusi binafsi. Weka H₂O kama neno na "hho" kama kifupi chake. Ukiandika hho, H₂O inajitokeza juu ya kibodi, unaigusa tu. iPhone nayo ina sehemu ya namna hiyo kwenye mipangilio ya kibodi. Chagua kifupi ambacho hukitumii kwenye maneno ya kawaida. Ukiweka "maji", utajuta siku ya kuuliza kama maji yametoka bombani.

4. Kwenye kompyuta kuna njia mbili, usizichanganye. Katika Word, chagua namba, bonyeza Ctrl na =; katika Google Docs ni Ctrl na alama ya mkato. Inapendeza, ila umeivisha tu namba ya kawaida vazi la kushuka. Ukiinakili kwenda WhatsApp, vazi linavuliwa na unabaki na H2O. Ukitaka kinamba cha kweli kitakachosafiri popote, andika 2082 ndani ya Word kisha bonyeza Alt na X: inageuka ₂. Kwa 4 ni 2084, kwa 5 ni 2085. Anayetengeneza ukurasa wa wavuti yeye anaandika H<sub>2</sub>O na kazi imeisha.

5. Herufi za mapambo hazitoshi. Kuna kurasa za mtandaoni zinazokugeuzia jina lako kuwa vijiherufi vya chini kwa ajili ya wasifu wa Instagram. Zinachofanya ni kubadilisha herufi moja moja kwa zile zilizomo kwenye Unicode, na humo b, c, d, f, g, w, y na z za chini hazimo. Masasi wana bahati: ₘₐₛₐₛᵢ. Ruangwa inatoka ᵣᵤₐₙgwₐ, kama imepigwa na gari. Nanganga nayo ₙₐₙgₐₙgₐ. Mimi ningeliacha jina lilivyo.

6. Angalia kifurushi chako cha SMS. Hapa pana hasara ya kweli. SMS ya herufi za kawaida inabeba herufi 160. Ukiingiza ₂ moja tu, ujumbe wote unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 140 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu, si mbili, kwa kuwa SMS zikiunganishwa kila moja hupoteza nafasi kidogo, na bwana shamba anayewaandikia wakulima mia anaisikia mfukoni. Isitoshe, baadhi ya simu za kitochi zitaonyesha kisanduku kitupu mahali pa kinamba. Kwenye SMS andika P2O5, mkulima ataelewa. Wakati mwingine hata "fosfeti" inatosha.

7. Kuna mahali pa kutovitumia vinamba hivi kabisa. Nywila, majina ya mafaili, fomu za serikali mtandaoni. Kwenye Excel, ₂ haijumlishwi wala haizidishwi, kwani kwa programu hiyo si namba. Na ukitafuta H2O ndani ya faili refu, programu nyingi zitaruka kila H₂O uliyoiandika kwa ufundi. Kwa hiyo kama faili litatafutwa-tafutwa, chagua mtindo mmoja tangu ukurasa wa kwanza.

8. Viwanja. Eneo la kiwanja ni m², ya juu. Dalali aliyeandika m₂ amepata kidokezo cha pili, akakitumia kinyume.