Jinsi ya Kuunga Kompyuta ya Mezani

Wengi wetu twatumia kompyuta kila juma katika masomo, lakini ni wachache waliopata kuona yaliyomo ndani ya kasha lake. Mashine ikinyamaza twasema imekufa, tukaifunika kitambaa na kuisukuma pembeni. Kila moja iliyofunikwa hivyo humfanya mwanafunzi mmoja asimame nyuma ya mwenziwe kungoja zamu, na mtihani wa vitendo haumngoji mtu. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wanaotunza chumba cha kompyuta cha shule yetu, na nimekwisha kuunga mashine kadha wa kadha chini ya macho ya mwalimu. Kwa hiyo nimeona vyema nieleze kazi yenyewe, ili apendaye aweze kuijaribu.

Neno moja nataka mlishike tangu mwanzo: macho kwanza, nguvu baadaye. Karibu kila sehemu ya kompyuta imetengenezwa iingie upande mmoja tu, nayo ina alama ya kuonyesha upande huo. Ikikataa kuingia, acha, itoe, uitazame tena.

Sehemu zitakiwazo ni hizi: kasha, pawasaplai, bodi mama, prosesa na feni yake, vijiti vya RAM, na diski. Bodi mama ndiyo inayozikutanisha zote. Prosesa hufanya hesabu. RAM hushika kazi iliyo mkononi, na umeme ukikatika husahau yote. Diski hutunza mambo hata mashine ikizimwa. Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba sehemu hizo zapatana. Bodi ya kipimo cha ATX ina milimita 305 kwa 244, na ile ya Micro-ATX ina 244 kwa 244. Bodi ndogo huingia katika kasha kubwa, lakini kubwa haiingii katika kasha dogo. Kadhalika soketi ya LGA 1151 haipokei prosesa ya AM4. Tena, mtu asije akadhani kwamba umbo likifanana basi yatosha: prosesa za Intel za kizazi cha nane, zilizotoka mwaka 2017, huingia katika soketi ya LGA 1151, walakini bodi zilizotengenezwa kwa kizazi cha sita na cha saba hazikuundwa kuzitumia. RAM nayo ina aina zake. DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina pini 288, na pengo la kila moja liko mahali pake. Mwisho, mashine nyingi zilizokwisha kutumika maofisini zina pawasaplai na matundu ya skrubu ya namna yake peke yake. Zipime kwanza.

Sasa tazama usalama. Chomoa waya wa umeme ukutani. Nyuma ya pawasaplai nyingi za zamani kipo kiswichi chekundu chenye tarakimu 115 na 230. Umeme wetu hapa Uganda ni wa volti 240, basi sharti kionyeshe 230. Kompyuta iliyotoka Marekani huenda ikawa imewekwa 115, maana umeme wa huko ni wa volti 120. Ukiichomeka hapa bila kutazama, utasikia mlio na kuona moshi. Wala usiifungue pawasaplai yenyewe kamwe, kwa sababu ndani yake umeme hubaki hata baada ya waya kuchomolewa, nao waweza kumdhuru mtu.

Uko umeme mwingine usioonekana, nao ni umeme tuli, unaojikusanya mwilini hasa tukivaa sweta siku za ukavu. Mtu hausikii mpaka ufike kama volti 3,000, lakini vipande vya ndani ya kompyuta huharibika kwa volti chache sana kuliko hizo. Dawa yake ni rahisi: gusa chuma kitupu cha kasha kila mara kabla ya kushika sehemu yo yote, na bodi uishike kwa kingo zake.

Basi tuanze. Weka bodi mezani juu ya boksi lake la karatasi ngumu, nje ya kasha. Inua kishikio cha chuma cha soketi. Katika LGA 1151 utaona pini 1,151, nyembamba mno. Usiziguse hata kwa ncha ya kidole. Prosesa ina pembetatu ndogo penye pembe moja, na bodi ina alama ya kulingana nayo. Linganisha alama hizo, kisha teremsha prosesa wima, uiache ikae kwa uzito wake wenyewe, bila kuisukuma wala kuiburura. Ndipo ushushe kishikio. Kitakaza kidogo, ndiyo desturi yake. Katika AM4 mambo yamegeuzwa: pini, ambazo ni 1,331, ziko chini ya prosesa. Pini zikipinda, huenda prosesa au bodi ikawa hasara tupu.

Ifuatayo ni RAM. Fungua vibanio vya nafasi yake, linganisha pengo la kijiti na kizuizi kilichomo, kisha kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie vibanio vikijifunga. Hapa ndipo nguvu ina zamu yake, kwa maana macho yamekwisha kumaliza kazi. Ukiwa na vijiti viwili, kitabu cha bodi kitakuambia nafasi zipi zitumike.

Kisha paka juu ya prosesa dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya mbaazi. Dawa hiyo huziba nafasi ndogo za hewa kati ya prosesa na chuma cha kupoza, kwa sababu hewa haipitishi joto vizuri. Weka chuma hicho, kaza skrubu zake kidogo kidogo kwa kupishana pembe, na uchomeke waya wa feni.

Sasa geukia kasha. Tia kwanza lile bati la nyuma lenye matundu, kisha vile viguu vya shaba vinavyoinua bodi isiguse chuma. Viguu viwe chini ya matundu ya bodi tu. Kimoja kikisahauliwa mahali pasipo tundu, kitagusa nyaya za chini ya bodi na kuzikutanisha vibaya. Laza bodi, kaza skrubu zake bila kuzikamua, kisha funga pawasaplai na diski mahali pake.

Ziko kebo mbili za kuilisha bodi. Kubwa ina pini 24. Ya pili, yenye pini 4 au 8, huingia karibu na prosesa, na wengi huisahau. Pasipo hiyo feni zaweza kuzunguka na kioo kisionyeshe kitu. Diski ya SATA hutaka kebo mbili pia, moja ya habari na moja ya umeme. Viwaya vyembamba vya mbele ya kasha vifuatishe mchoro wa kitabu. Vya taa vina upande wa chanya na wa hasi. Vya kitufe cha kuwashia havijali upande.

Usifunike kasha bado. Unga kioo na kibodi, rudisha umeme, ubonyeze kitufe. Maandishi yakitokea, ingia BIOS uone kama RAM na diski zote zimehesabiwa. Giza likidumu, zima, chomoa waya wa ukutani, halafu kagua kwa utaratibu: kebo iliyo karibu na prosesa, kisha RAM, kisha viwaya vya mbele. Jua pia kwamba prosesa nyingine hazitoi picha zenyewe, nazo huhitaji kadi ya picha.

Kazi yote yaweza kumalizika kwa alasiri moja, na bisibisi ya msalaba ndiyo chombo cha lazima. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Atakayetazama alama kabla ya kukandamiza ataiinua mashine iliyokuwa imefunikwa kitambaa, na siku ya mtihani kitapatikana kiti kimoja zaidi.