Wa Zamu za Kuziba Pengo Naye Ana Haki

Ndugu zetu wengi walioko Uingereza hulea wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu kwa zamu za kuziba pengo. Mfanyakazi wa kudumu akiugua, wanaitwa wao. Wiki hii saa 40, wiki ijayo hakuna hata moja. Wakiuliza habari ya likizo wanajibiwa, “Wewe si wa kudumu.” Jibu hilo ni potofu. Katika England, Wales na Scotland, kuitwa kazini siku unapohitajika tu hakukuondolei kima cha chini cha mshahara, mapumziko wala likizo yenye malipo.

Pesa nyingi hupotelea barabarani. Ukihudumia wazee majumbani mwao, muda wa kutoka nyumba moja hadi nyingine ni muda wa kazi katika hesabu ya kima cha chini. Safari ya kutoka kwako hadi kwa mzee wa kwanza, na ya kurudi kwako, kwa kawaida haimo. Tuseme unalipwa pauni 13 kwa saa. Umewahudumia wazee 6, nusu saa kila mmoja, ukalipwa saa 3, yaani pauni 39. Lakini kati ya nyumba na nyumba ulitumia dakika 20, mara 5. Kumbe umefanya kazi saa 4 na dakika 40, na malipo yako hayafiki hata pauni 9 kwa saa. Kima cha Aprili 2025 kwa aliyetimiza miaka 21 kilikuwa pauni 12.21, nacho hupitiwa upya kila mwaka. Hesabu hufanywa kwa kipindi chote cha malipo, wiki au mwezi, si kwa siku moja. Ikiwa mwezi mzima ulikuwa hivyo, mwajiri amevunja sheria, haidhuru mkataba unasema nini.

Kwa hiyo andika. Daftari dogo mfukoni: saa ya kufika, saa ya kuondoka, jina la mtaa. Usiandike majina ya wazee wala habari za ugonjwa wao. Hizo ni siri zao.

Daftari hilo litakufaa zaidi kwenye zamu za kulala kazini. Machi 2021, katika kesi iliyohusu shirika la Mencap, Mahakama ya Juu iliamua kwamba anayetarajiwa kulala huhesabiwa kima cha chini kwa muda ule tu alioamka kufanya kazi. Uamuzi huo unaumiza, lakini ndio sheria. Ukiamshwa saa nane usiku kumgeuza mgonjwa, andika.

Likizo ya mwenye saa zisizotabirika hujengeka kwa asilimia 12.07 ya saa alizofanya: saa 100 za kazi huzaa takriban saa 12 za likizo. Mwajiri anaweza kukulipa fedha za likizo hiyo pamoja na mshahara, ila lazima zionekane peke yake kwenye hati ya mshahara. Akisema “zimo humo humo” na hati haionyeshi, dai.

Ukipelekwa na wakala mahali pamoja, kazi ile ile, kwa wiki 12, unastahili mshahara wa msingi sawa na aliyeajiriwa hapo moja kwa moja. Na kama mkataba haukuhakikishii saa zozote, mwajiri hawezi kukuzuia kufanya kazi kwingine.

Mwanafunzi, wewe jihadhari. Wengi wenye visa ya masomo ya shahada wana kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kikomo hicho hujumlisha waajiri wote. Wakala akikuandikisha kuwa umejiajiri mwenyewe, usitie saini. Visa hiyo hairuhusu, na atakayeumia ni wewe.

Ushauri wa bure hutolewa kwa simu na Acas, shirika la ushauri na usuluhishi wa masuala ya kazi. Usisubiri kudai: jiwekee kikomo cha miezi 3 kasoro siku 1 tangu kosa litendeke. Kabla ya kwenda baraza la kazi, lazima kwanza uwape Acas taarifa rasmi ya usuluhishi. Kupiga simu ya ushauri peke yake hakusimamishi siku kuhesabika.