Mawaridi ya kwanza ya vuli

Swali: Mawaridi ya Kitui na Makueni huanza kuchanua lini?

Jibu: Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Mche uliopogolewa Septemba huhitaji takriban wiki 6 hadi 8, hivyo matumba ya kwanza hufunguka Novemba. Haya ndiyo mazuri kuliko yote. Ya kiangazi huunguzwa na jua. Vidukari hujazana kwenye vikonyo laini chini ya tumba, na huoshwa kwa maji ya sabuni. Ua lililonyauka hukatwa juu kidogo ya jani lenye vijani 5, ambapo chipukizi litatokea.

Waridi la jangwani, mmea wa ukoo mwingine kabisa, halingoji mvua: huchanua wakati wa ukame, mara nyingi likiwa halina hata jani moja. Utomvu wake ni sumu.