Somo: Zaburi, Pumzi na Kinanda

Zaburi ni sala zilizotungwa ili ziimbwe. Idadi yake ni 150. Waisraeli waliziimba hekaluni, Bwana wetu Yesu Kristu alizisali, na Kanisa huziimba hata leo. Basi mkatekumeni ajifunzaye zaburi hujifunza sala iliyokuwa kinywani mwa Mwokozi mwenyewe.

Mkatekumeni wa kijijini aingiapo katika kanisa kubwa la mjini Lubumbashi na kusikia zaburi ikiimbwa kwa sauti nyingi pamoja na kinanda, huenda akahuzunika moyoni: «Kwetu hakuna kinanda. Je, sala yetu ni pungufu?» Swali hilo lastahili jibu.

Kwanza atazame jinsi organi, yaani kinanda kikubwa cha kanisa, ifanyavyo kazi. Ndani yake mna mabomba mengi. Upepo hupelekwa humo, kama vile mvukuto wa mhunzi upelekavyo upepo motoni. Bomba refu hutoa sauti nene, bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Upepo ukikosekana, kinanda ni mbao na madini tu. Mwanadamu naye alikuwa udongo tu, mpaka Mungu alipompulizia pumzi ya uhai. Tena Zaburi ya 150 hutaja tarumbeta, kinubi, ngoma, filimbi na matoazi. Lakini mwisho wake huwaita wote wenye pumzi wamsifu Bwana.

Kazi ya kinanda ni kutumikia. Huwapa waimbaji sauti ya kuanzia, huwategemeza wasishuke, kisha hunyenyekea ili neno la Mungu lisikike. Kinanda kikilifunika neno, kimeiacha kazi yake.

Mji huo ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, Padre Anschaire Lamoral, Mbenedikto, aliwaongoza vijana walioitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lilitokana na vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, ambavyo wazee wa Katanga walivitumia kama fedha. Mjini humo pia aliishi Joseph Kiwele, Mkongo, mpiga organi na mwalimu wa muziki, aliyefariki mwaka 1961. Yeye alijua kinanda cha Ulaya, wala hakuzidharau nyimbo za nchi yake. Alitunga Misa iitwayo Missa Katanga.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliisifu organi, ukaagiza pia muziki wa mataifa mbalimbali upewe heshima yake, na kuruhusu vyombo vingine vifaavyo kwa ibada. Hivyo ngoma ya kijijini haisimami mlangoni kama mgeni.

Basi jibu ni hili: kinanda huipamba zaburi, lakini hakiiumbi. Mama aiimbaye zaburi kando ya mgonjwa wake, bila chombo chochote, amekwisha kumtolea Mungu kile ambacho kinanda hukiiga tu: pumzi yake mwenyewe.

MASWALI

1. Zaburi ni nini?
Ni sala zilizotungwa ili ziimbwe kwa Mungu.

2. Kazi ya kinanda kanisani ni ipi?
Ni kuwategemeza waimbaji bila kulifunika neno la Mungu.

3. Pasipo kinanda, je, zaburi hupungua?
La. Hupungua pale tu moyo usiposali pamoja na kinywa.

ZOEZI. Jumapili ijayo, kabla ya kuimba, kila mmoja ayasome maneno ya zaburi polepole, apate kujua anamwambia Mungu nini.