Historia ya kazi ya mtengenezaji wa tovuti: maswali na majibu

Mtengenezaji wa tovuti huanzia wapi?

Wengi huanza na HTML ya kupanga yaliyomo kwenye ukurasa, CSS ya kuupamba, kisha JavaScript ya kuufanya uitikie anapobonyeza mtumiaji. Kazi za mwanzo huwa ndogo: ukurasa wa shule, wa kanisa au msikiti, wa duka la jamaa. Wapo wanaorukia moja kwa moja WordPress, mfumo uliotoka mwaka 2003, na wanapata pesa mapema. Hukwama siku mteja anapotaka kitu ambacho hakimo katika programu-jalizi yoyote. Hapo hurudi nyuma kujifunza walichokiruka.

Ni hatua gani inayomgeuza mpambaji wa kurasa kuwa mwanaprogramu?

Ni pale anapoanza kupokea data za watu wengine. Fomu ya usajili inauliza mtaa, na mkazi wa Unguja anaandika Ng'ambo. Katika amri ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, maandishi hufungwa kwa alama ileile ya ritifaa iliyomo katika jina hilo. Kama msimbo umebandika jibu la mtumiaji ndani ya amri jinsi lilivyo, hifadhidata huona maandishi yamekwisha baada ya «Ng», haielewi kinachofuata, na usajili unakatika kwa ujumbe wa hitilafu. Mwanagenzi huona dawa ni kuikataza ritifaa, na Mzanzibari huyo anabaki hana mtaa. Dawa yenyewe ni kutuma amri peke yake na data peke yake, ili hifadhidata isichanganye kimoja na kingine. Ufa huohuo ndio mlango wa wezi: badala ya jina la mtaa, wao huandika amri ya kuchota au kufuta data. Aliyeelewa kwa nini Ng'ambo iliuangusha mfumo ameanza pia kuelewa usalama.

Kwa nini malipo ya simu yana uzito katika wasifu wa wanaprogramu wa Kenya?

Kwa sababu huko kosa hugusa mfuko wa mtu. Tangu 2017, Safaricom imewapa wanaprogramu mfumo wa Daraja wa kuunganisha tovuti zao na M-Pesa. Tovuti hutuma ombi, simu ya mteja humtaka aweke namba ya siri, na majibu huja kwenye seva ya tovuti baadaye kidogo. Hiyo «baadaye kidogo» ndiyo shule yenyewe. Mteja anaweza kusitasita, mtandao ukakatika, au taarifa moja ikafika mara mbili. Msimbo unaoongeza salio kila taarifa inapoingia utamhesabia aliyelipa shilingi 500 kuwa amelipa 1,000. Anayeijua kazi huhifadhi namba ya muamala na kuipuuza taarifa inayorudia namba hiyo; na taarifa isipofika kabisa, mfumo wake huuliza hali ya malipo badala ya kukisia.

Zana hubadilika upesi. Je, ujuzi wa zamani hupotea?

Baadhi hupotea kabisa. Adobe iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, na waliokuwa hawajui kingine walilazimika kuanza upya. jQuery ya 2006 ilitawala kwa miaka mingi kabla React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, haijawavuta wengi. Lakini SQL ina mizizi katika miaka ya 1970 na bado inaajiri watu. Mwenye kujua jinsi kivinjari kinavyozungumza na seva hujifunza zana mpya haraka. Ndiyo maana hesabu ya miaka kazini ni kipimo dhaifu: kuna miaka kumi ya kweli, na kuna mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi.

Historia ya kazi iandikwe vipi?

«Nilitengeneza tovuti ya duka» haimwambii mwajiri lolote. Wasifu mzuri hutaja tatizo, sehemu aliyoibeba mwombaji mwenyewe, na kilichobadilika baadaye. Viungo vya kazi inayoonekana husaidia, ila msimbo wa mwajiri wa zamani si wa kuanikwa bila ruhusa. Wakati mwingine wasifu wenyewe huzaa kazi kubwa: lugha ya PHP ilichipuka kutokana na zana ndogo ambazo Rasmus Lerdorf alizitengeneza ili kufuatilia waliotembelea wasifu wake kwenye mtandao, akazitoa kwa umma mwaka 1995.

Na asiyewahi kuajiriwa?

Miradi ya msimbo huria hupokea watu bila kuuliza barua ya ajira. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008 ili kuonyesha kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, ni mmojawapo. Mgeni katika miradi ya namna hii huanzia mbali na msimbo mgumu: kunyoosha maelezo yanayopotosha, kutafsiri menyu kwa Kiswahili, kueleza hitilafu kwa hatua ambazo mwingine anaweza kuzirudia. Kila badiliko likikubaliwa, Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, hulihifadhi pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe, na mwajiri anaweza kulisoma.